Shimo la Tatu

Pale halmashauri walimwita Kigingi, na hata yeye hakukumbuka jina hilo lilianza lini. Kazi yake ilikuwa kutangulia. Kabla ya mafundi, kabla ya mawe, kabla ya hotuba na utepe wa kukatwa, yeye ndiye aliyefika kwenye kiwanja kitupu na mfuko wa vigingi, kamba na nyundo, akapima, akachimba, akaandika. Alikuwa fundi sanifu kwa miaka ishirini na saba, mtu mwembamba ambaye viatu vyake havikukauka tope, na mkewe alizoea kumtania kwamba hata akilala anajinyoosha kama mstari.

Ilipobaki miezi minane astaafu, aliingiwa na hofu iliyomkondesha, na hofu yenyewe ilitoka kwenye ufa mmoja usiozidi unene wa unywele.

Sasa, wapo watu wanaodhani jengo la umma hushuka kutoka mbinguni likiwa limeshapakwa rangi. Halishuki. Linaombwa, na kuliomba ni kazi ya miaka. Wodi ya wazazi ninayoisimulia hapa iliombwa miaka kumi na moja. Watu wa kata ile walikutana uwanjani, wakanyoosha mikono, katibu akaandika. Karatasi ikaenda halmashauri, ikakuta karatasi za kata nyingine ishirini, kila moja na kilio chake: huyu anataka choo cha soko, yule daraja, yule darasa. Hapo maofisa wa mipango wakakaa kutoa alama. Watahudumiwa wangapi? Kiwanja kipo? Na wananchi wenyewe wameweka nini, au wanasubiri kutafuniwa na kumezewa?

Kwenye hilo swali la mwisho ndipo alipoingia Mama Mawe. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mkwewe alifia njiani akipelekwa kujifungulia hospitali ya mbali, juu ya magunia, nyuma ya lori. Baada ya msiba ule Mama Mawe hakukaa tena. Aliwakusanya wanawake wa kata, wakabeba mawe kutoka mtoni kwa vichwa vyao, kila Jumamosi, msimu mzima, mpaka lundo likawa refu kuliko mtu. Halmashauri wakaja wakalipiga picha. Ile picha ndiyo iliyoipa kata alama, na alama ndizo zilizoleta fedha.

Fedha zikaja kama kawaida yake, kwa kuchelewa. Mwaka wa serikali ulikuwa unakwisha, na fedha ya serikali ambayo haijaanza kazi mpaka siku ya mwisho hurudi ilikotoka, ikirudi huioni tena. Mhandisi wa halmashauri akamwita Kigingi asubuhi ya siku hiyo ya mwisho. "Nataka fomu ya udongo mezani kwangu kabla ya saa sita," alisema. "Ikikosekana, wodi yao imekwenda na maji."

Fomu ya udongo ina mistari mitatu, kwa sababu kiwanja huchimbwa mashimo matatu, kila moja kina cha mita mbili, ili ijulikane jengo litakaa juu ya nini. Kigingi na vibarua wawili walichimba la kwanza, wakachimba la pili. Udongo mwekundu, mgumu, safi. La tatu lilitakiwa pembe ya mashariki, na pembe ya mashariki ndipo lilipokuwa lile lundo la mawe. Kulihamisha ingekuwa kazi ya siku mbili, na saa yake ilisema saa nne na nusu.

Basi akafanya walivyofanya wote pale ofisini. Kwenye mstari wa tatu akaandika: *kama la pili*. Usimwone wa ajabu. Maneno hayo yalikuwa kwenye fomu za shule, za masoko, za ofisi yenyewe waliyokaa. Ilikuwa desturi ya kazi, kama kugonga mlango kabla ya kuingia. Mstari wa tatu ulijazwa hivyo miaka nenda miaka rudi na hakuna jengo lililowahi kuanguka. Akatia saini, mhandisi akatia yake chini, fedha zikabaki, na Mama Mawe alipopata habari alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mawe yakaingia kwenye msingi. Kuta zikapanda, bati likapigwa, lipu ikapakwa. Siku moja Kigingi alikwenda kukagua chumba cha kujifungulia, akaona mstari mwembamba juu ya dirisha, pembe ya mashariki. Akaupapasa kwa ukucha.

Ofisini alimkuta mhandisi akinywa chai.

"Mkuu, kuna ufa kule wodini."

"Nyumba mpya hutulia, Kigingi. Hata wewe ulipooa si ulichukua muda kutulia?" Mhandisi akacheka peke yake.

"Huu unatoka chini, mkuu. Upo pembe ya mashariki."

"Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ziba! Tia lipu, paka rangi, wageni wanakuja mwisho wa mwezi."

Kigingi akataka kulitaja lile shimo. Neno likafika kwenye ulimi likarudi. Mhandisi aliweka kikombe chini, akasema kwa upole ambao haukuwa wa kawaida yake, "Fomu ile ina saini mbili. Yako juu, yangu chini. Hilo unalikumbuka, eti?"

"Nakumbuka, mkuu."

Akaziba ufa. Lakini mafundi wa zamani wana njia ya kuuliza ukuta kama unatembea: huchukua kipande cha kioo chembamba wakakibandika kwa saruji juu ya ufa, nusu huku, nusu huku. Ukuta ukitulia, kioo hubaki kizima. Ukuta ukienda, hata kidogo sana, kioo hakina subira, kinapasuka. Kigingi alibandika chake juu ya dirisha, mahali ambapo mtu asiyejua asingeangalia.

Tangu hapo hakuwa na raha. Kila asubuhi kabla ya kazi alipitia wodini, akaingia chumba kile roho mkononi, akainua macho. Kizima. Akashusha pumzi, akaenda ofisini. Mvua ikinyesha mchana alisimama dirishani akiitazama inavyopiga lami, wenzake wakamuuliza kama ameanika nguo. Mlango ukibamizwa alishtuka. Alianza kuhesabu uzito: bati, mbao, kenchi, zege la linta, na watu. Hapo kwenye watu ndipo hesabu ilipomshinda, akaacha na kuanza upya.

Siku moja bintiye akaja nyumbani anaruka kama mtoto, na hali ni mtu mzima, mkunga wa miaka tisa kazini, aliyewahi kumzalisha mwanamke kando ya barabara kwa mwanga wa taa za pikipiki.

"Baba! Mama! Nimepewa mimi!"

"Umepewa nini, mwanangu?" mama yake akauliza.

"Wodi mpya. Mimi ndiye mkunga kiongozi. Yaani baba ameipima, mimi naifungua!"

Mkewe Kigingi alimkumbatia binti yake. Kigingi naye aliinuka kumpongeza, akakaa tena akasema ni uchovu.

Jumanne, siku mbili kabla ya ufunguzi, binti akamshika mkono baba yake kumtembeza. Alimwonyesha kabati, akamwonyesha bomba lenye maji, akalifungua na kulifunga mara tatu kwa furaha. Kisha akampeleka chumba cha kujifungulia. Kitanda kilikuwa kimekwishawekwa, kipya, kimefunikwa nailoni.

"Nimekiweka hapa pembeni, chini ya dirisha," akasema. "Jua la asubuhi linaingia vizuri. Mtoto azaliwe aone mwanga kwanza."

Kigingi akainua macho. Kioo kilikuwa vipande viwili.

"Kisogeze," alisema. "Kiweke kule karibu na mlango."

"Kule giza, baba."

"Giza si kitu. Kisogeze tu."

Binti akacheka. "Mzee, wewe kazi yako vigingi. Vitanda niachie mimi." Na Kigingi, Mungu amsamehe, akacheka pia. Kile kicheko ndicho alichokuja kukijutia kuliko hata ile saini.

Jioni, chakula kikiwa mezani, mkewe alimtazama akisukuma tonge upande huu na upande ule.

"Una nini? Mwezi mzima unakula kama uliyelazimishwa."

Akamwambia. Alimwambia yote, lundo la mawe, saa nne na nusu, maneno matatu ya kwenye fomu, kioo. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa limetokea katika ndoa yao.

"Nani mwingine anajua?"

"Mhandisi. Na sasa wewe."

"Imebaki miezi saba tu ustaafu, baba watoto." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukisema, wataanza na wewe. Wakubwa wakiteleza huwaangukia walio chini. Na kata yenyewe itarudishwa mkiani mwa orodha, wale akina mama waanze kuzalia barabarani tena. Labda mhandisi anasema kweli. Labda ukuta umetulia."

"Haujatulia."

Mkewe akakusanya vyombo, akaenda navyo jikoni. Kigingi akasikia maji yakimwagika, kisha akasikia yamefungwa. Mkewe akarudi na mikono imelowa.

"Kitanda kipo pembe gani?"

"Hiyohiyo."

Mama wa watu alikaa kwenye kiti kama aliyesukumwa. Kisha akasema taratibu, "Mficha uchi hazai, mume wangu. Na huu uchi si wako peke yako."

Jumatano asubuhi Kigingi hakwenda ofisini. Alikwenda wodini na sururu na chepe, akavua shati, akaanza kuchimba nje ya pembe ya mashariki. Aliogopa sana. Aliogopa jela, aliogopa uso wa bintiye, na zaidi aliogopa kwamba akifika chini atakuta udongo mwekundu mgumu, safi, na kumbe amejiharibia maisha kwa ajili ya kioo.

Mama Mawe akafika na wanawake kama kumi, wana mafagio, wamekuja kupasafisha kwa ajili ya wageni.

"Haloo! Bwana Kigingi! Sisi tunafagia na wewe unatifua? Unachimba nini hapo?"

"Nachimba shimo nililoliandika mwaka juzi."

Wanawake wakacheka, wakidhani ni utani. Hakuinua kichwa. Akapiga sururu, na sururu haikugonga. Ilizama mpaka kwenye mpini. Alipoivuta ikatoka na majivu meusi, mabua yaliyooza, shingo ya chupa, kopo la bati lililokuwa kutu tupu, soli ya ndala. Akachota chepe la pili, la tatu, la kumi. Ni taka. Harufu ya taka za zamani ikapanda, tamu na mbaya, na pembeni mwa shimo akauona msingi wa jengo, mawe yale ya mtoni yaliyobebwa kwa vichwa, yakiwa yamekaa juu ya majivu.

"Si jalala hilo?" alisema Mama Mawe, kama mtu anayeambiwa habari za jana. "Soko la zamani lilikuwa hapo juu. Tukiwa wasichana tulitumwa kumwaga taka hapa. Ndiyo maana mawe tuliyalundika hapa, pasipolimika."

Kigingi akaegemea ukuta wa shimo. "Mlijua?"

"Kila mtu anajua."

"Mbona hamkusema?"

"Nani alituuliza?" Sauti ya Mama Mawe ikaanza kubadilika. "Mlikuja na kamba zenu na karatasi. Tukadhani wataalamu mnajua. Kwani ulipochimba hukuona?"

"Sikuchimba, mama. Niliandika tu kwamba nimechimba. Ukuta huu unazama. Usiingize mtu humo ndani."

Ufagio ulimtoka Mama Mawe mkononi. Hakutukana. Wote walingoja atukane, na Kigingi alitamani atukane. Alikaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele, mama mzima, akawa anautazama ukuta ule mweupe uliopakwa rangi mpya.

Bintiye alikuja wakati huo na mzigo wa mashuka kichwani. Alisimama ukingoni, akatazama shimoni, akamtazama baba yake aliyejaa majivu mpaka kwenye nyusi. Mwanamke mmoja akamweleza. Binti akatua mashuka, akaingia ndani, na wote wakasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu mpya, kutoka pembe ya mashariki mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka nje. Alikiburuta peke yake. Kisha akafunga mlango, akampa Mama Mawe ufunguo, akaondoka bila kumwambia baba yake neno.

Wageni hawakuja. Kigingi aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akaulizwa kwa nini aliandika asichokiona. Karibu nusu ya waliokuwa wameketi pale walikuwa wameandika *kama la pili* kwa mikono yao wenyewe, na hao wakawa wanaichunguza meza. Aliachishwa kazi, na mafao yake yakazuiwa. Mhandisi alihamishiwa halmashauri nyingine, na waliofika huko wanasema ofisi yake ina zulia. Kata ikarudishwa nyuma ya orodha, mradi umeandikwa *umekwama*.

Na ukuta haukuanguka.

Hilo ndilo lililommaliza. Msimu wa mvua ukapita, ukuta umesimama. Ufa ulikuwa umefika upana wa kidole, kisha upana wa kiganja, lakini anayepita barabarani haoni, anaona jengo zuri lenye kufuli. "Jumba lako bado linadunda, mzee," walimwambia dukani. Watu wakanong'ona kwamba alihongwa aikomeshe kata. Mwanamke mmoja akajifungulia njiani, mtoto akapona. Mwingine akajifungulia njiani, mtoto hakupona. Kigingi alisikia habari hiyo akiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, akainuka akaenda nyumbani hivyohivyo. Siku ile aliomba ukuta uanguke, uanguke ukiwa mtupu, watu waone. Kisha akaogopa dua yake mwenyewe, kwa sababu watoto walishaanza kucheza kivulini mwa ule ukuta. Akawa anakwenda kila alasiri kuwafukuza, nao wakampachika jina jingine nisilolisema hapa.

Bintiye alikuwa akija nyumbani kumwona mama yake. Baba yake akiingia, yeye hukumbuka ana zamu.

Mwaka mmoja na nusu ulipita hivyo. Asubuhi moja mlango ukagongwa.

"Hodi."

Alikuwa Mama Mawe. Amekonda kidogo, lakini sauti ni ileile.

"Tumepata kiwanja kingine, ng'ambo ya barabara. Tumeingia tena kwenye orodha. Mawe tumebeba upya, kwa vichwa vilevile. Leo wanakuja kupima. Chukua jembe."

"Mimi si mtumishi tena, mama."

"Nani amekuja kukuajiri? Nimekuja kukudai shimo."

Mkewe Kigingi alikuwa ameshaleta jembe na chepe kabla hajajibu.

Mawe safari hii yalikuwa yamelundikwa mbali, kando kabisa, na wanawake walikuwa wamekaa juu yake kama wanaoyalinda. Fundi sanifu mpya wa halmashauri alikuwa kivulini na fomu yake. Kigingi akachimba la kwanza, akachimba la pili. Jua likawa la utosi. Umri wake haukuwa wa kazi ile tena, lakini hakuna aliyejitolea kumpokea, naye hakuomba. Alipoanza la tatu, kila jembe lilipoingia alisubiri lizame. Halikuzama. Lilipiga udongo mwekundu na kurudi. Alipofika kifuani bado ulikuwa mwekundu. Alipozama mpaka kichwa, bado.

"Mzima," akasema kutoka chini. "Udongo mgumu mpaka hapa nilipo."

Kisha akaona miguu ukingoni, viatu vyeupe vya uuguzi.

"Toka, baba."

Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwa baba yake kwa mwaka mmoja na nusu. Alitoka kwa taabu, akipanda ngazi ya mbao. Bintiye akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, akashuka yeye na sare yake nyeupe. Kigingi akasimama juu akimtazama mwanawe akizama ardhini ngazi kwa ngazi, na hofu yake yote ya siku zile, ya kioo, ya mvua na ya kitanda, ikamrudia mara moja. Binti akapiga ukuta wa shimo kwa ngumi. Akaukwaruza kwa kidole gumba, pande zote nne. Akainama, akachota udongo wa chini kabisa, akaunusa. Hakuwa na haraka. Neno la baba yake halikumtosha, na hakujifanya limemtosha.

"Andikeni," akapaza sauti kwa yule wa fomu. "Na la tatu liandikwe lenyewe."

Kisha akainua uso, akanyoosha mkono uliojaa udongo mwekundu.

"Nivute, baba."